Pazia la Mzee Mwinyijuma

Maulidi Pazi ni jirani yangu wa ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba. Upande huu nashona mimi, Mwajabu. Upande wa pili yuko yeye na kompyuta yake, kamera kuukuu na nyaya zilizosokotana hivi kwamba panya akiingia humo hatoki. Akikohoa, mimi ndiye ninayempa pole. Akibishana na mteja, mimi ndiye ninayejua nani mwenye haki. Kwa hiyo haya sikuyaokota barazani, na mwenyewe ameniruhusu niyaeleze. Alisema, "Eleza wewe, da Mwajabu. Mimi uso wa kuyaeleza sina."

Kazi yake hapa Bagamoyo inajulikana. Ujanani alikuwa kijana wa kamera, anapiga video za harusi kwa niaba ya bwana mmoja aliyekwisha kufariki. Siku hizi kila mtu ana simu na kila simu ina kamera, hivyo harusi zinapigwa na wapwa na mashoga wa bibi harusi, hakuna anayemwita. Riziki yake imehamia kwingine. Watu wanamletea kanda zao za zamani zilizolala makabatini, za harusi, za watoto waliotoka jandoni, za bibi aliyerudi Hija akapokewa kwa dufu. Anazihamishia kwenye kompyuta, anazipunguza uzito, kisha anazipandisha YouTube ili ndugu walioko Muscat na Dubai wazione. Anaziweka kwa faragha, asiyepewa anwani yake haioni.

Maulidi si mtu mbaya. Hili nalisema mapema kwa kuwa huko mbele mtamkasirikia. Ugonjwa wake ni pupa. Chai anainywa amesimama. Salamu anazijibu kabla hujamaliza kuzitoa: wewe bado uko kwenye "habari za nyumbani", yeye keshasema "wote wazima" na anakutazama mkononi umeleta nini. Sisi watu wa pwani jambo hilo linatukera, ila tulimzoea, tukasema ndivyo alivyoumbwa.

Na sifa yake kubwa ilikuwa kukata. Video ya harusi ya kwetu, ukiiacha ilivyo, nusu nzima ni salamu. Mzee akiona kamera imemwelekea anakaa vizuri, anaweka kofia sawa, anaanza: namsalimia fulani, namsalimia mkwe wangu wa Kerege na wa nyumbani kwake wote, namsalimia na yule mtoto wa marehemu aliyeko Tanga kama bado yuko. Zamani kamera ilikuwa ndiyo barua, na mtu hakutaka kumsahau ndugu yake mbele ya barua. Maulidi hayo yote aliyaita vipande vilivyolala. Kipande kilicholala alikikata. Alibakiza ngoma, pilau, na bibi harusi anavyotolewa ndani, basi. Watu walifurahi kwa kuwa video haichoshi, wakampa jina la Mkasi. Mimi mwenye mikasi ya kweli hakuna aliyewahi kunipa jina.

Alikuwa na sababu ya kazi pia, nisimwonee. Kanda ya saa moja ikiingia kwenye kompyuta inakuwa faili zito ajabu, na intaneti yetu ya uchochoroni hailibebi. Unalianzisha asubuhi, linapanda kidogo kidogo, mara umeme umekatika, mara bando limekwisha, unaanza upya. Kwa hiyo faili hubanwa liwe dogo, na likikataa kuwa dogo hupunguzwa kwa kukatwa. Siku moja nilimuuliza kama haoni huruma kuwakata wazee wa watu. Alinicheka. "Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi," akasema. Nikamuuliza, na mwenye pakacha je? Hakunisikia, alikuwa keshapokea simu.

Zuhura binti Mwinyijuma alikuja mwanzo wa masika. Alipita kwangu kwanza, akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, akaniulizia magoti yangu, ndipo akaenda kubisha upande wa pili. Mkononi alikuwa na kanda mbili ndogo za kamera, amezifunga ndani ya kipande cha khanga.

"Hodi, kaka Maulidi."

"Karibu, karibu."

"Habari za siku nyingi? Shemeji hajambo? Na wa—"

"Wote wazima. Umeleta nini?"

Zuhura akalifungua fundo la khanga. Kisha akasema, "Hizi ni za harusi yangu. Wewe ndiye uliyepiga, labda unakumbuka. Ile kanda kubwa tuliyopewa ya kuangalia iliharibika zamani, kabla hatujaiangalia. Hizi za kamera hatujawahi kuziona, hatuna chombo cha kuzichezea. Nataka ziende YouTube, kaka Shuaibu azione kule Muscat."

"Harusi nilizopiga ni nyingi mno, dada yangu. Hebu nione. Zimeota ukungu hizi."

"Ndiyo, zina ukungu kidogo."

"Kanda ya namna hii inacheza mara moja, ya pili inakatika. Lakini mara hiyo moja inatosha. Ikishaingia kwenye kompyuta umeokoka."

"Nakuomba usipoteze kitu, kaka. Humo wamo wazee. Baba naye yumo, alizungumza kidogo."

"Ondoa shaka," Maulidi akasema. Neno hilo alimwambia kila mteja.

Zuhura hakuongeza. Mambo ya ndani ya nyumba hayamwagwi mbele ya fundi. Lakini mtaa ulijua, na yale ambayo mtaa haukujua Zuhura aliniambia baadaye, akiwa amekaa kwenye benchi langu.

Shuaibu ni kaka yake mkubwa. Ujanani alitaka kwenda Uarabuni, na Mzee Mwinyijuma akakataa, alitaka mwanawe ashike shamba la Vigwaza. Kijana akangoja baba yake ameenda huko huko Vigwaza kuvuna, akafunga begi, akaondoka. Hakuaga. Kwetu mtu hasafiri bila kupiga magoti mbele ya mzazi na kupewa radhi yake. Hata akienda Tanga anaaga, seuze kuvuka bahari. Mzee aliporudi na gunia lake la muhogo alikuta kitanda kitupu. Tangu siku hiyo, kila simu ya Muscat ilipopelekwa sikioni kwake alikumbuka kuwa hajatawadha, akaenda kuchota maji. Shuaibu akaoa huko, akazaa huko, na mzee akafa miezi michache baada ya harusi ya Zuhura, hawajasemezana.

Siku ya harusi yenyewe mzee alikuwa hoi kitandani, kwa hiyo kamera ilipelekwa chumbani kwake. Shangazi yao, Bi Arafa, Mungu amrehemu, ndiye aliyemsimulia Zuhura alipokuwa naye anakaribia kuondoka duniani. Alisema yeye aliinua pazia la mlango kamera ipite, na mara mzee akawatoa watu wote, hata yeye dada yake wa tumbo moja, akabaki na kijana wa kamera tu. Alizungumza muda mrefu. Alichokisema hakuna aliyekijua, na mzee hakuulizwa, maana Mzee Mwinyijuma hakuwa mtu wa kuulizwa. Zuhura alikaa na maneno hayo, mpaka siku alipozikuta kanda zile chini kabisa ya sanduku la shangazi. Akawaza kile ambacho mtu yeyote angewaza. Labda mzee alimpa Shuaibu radhi yake humo.

Maulidi alifanya kazi, na mwanzo aliifanya vizuri. Alizisafisha kanda kwa pamba, akazicheza polepole, moja baada ya nyingine, sauti ikiingia moja kwa moja kwenye kompyuta bila kusikika nje. Ya pili ilipofika mwisho ikanasa, kamera ikautafuna utepe mpaka ukawa kamba tupu. Lakini yote iliyokuwemo ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Nilimsikia akishangilia peke yake. Alikuja mlangoni kwangu amebeba utepe uliotafunwa, akasema, "Unaona, da Mwajabu? Kanda imekufa, harusi imepona." Utepe akautupa kwenye pipa langu la vitambaa, nao ukaenda kuchomwa na takataka.

Kisha ikaja kazi ya kupandisha. Faili lilipanda likakwama. Akalibana, likapanda tena, umeme ukakatika. Wakati huo huo watu wa harusi moja ya Kerege walikuwa wanamsubiri, nao video zao zilikuwa nyingi na diski yake imejaa. Maulidi akaona anacheleweshwa na wafu. Akachukua mkasi wake.

Siku aliyokata, mimi upande huu wa ubao nilisikia mpira tu. Kulikuwa na mechi Dar, mtangazaji anapayuka kwenye simu, na sauti ya kompyuta hakuna. Maulidi akikata alikuwa hahitaji sauti. Aliangalia picha: watu wakicheza, anabakiza, mtu akikaa tu na mdomo unatembea, hiyo ni salamu, anatoa. Kabla mechi haijaisha faili lilikuwa jepesi na linapanda. Lilipofika juu akafuta yale mafaili makubwa, akaweka harusi ya Kerege mahali pake.

Zuhura alipopata anwani alikuja kushukuru na mkate wa kumimina, ungali wa moto. Maulidi alinigawia kipande. Nilikula, ulikuwa mtamu, na wakati huo sikujua neno.

Baada ya hapo kila asubuhi nilisikia habari ya Muscat. Ukurasa wa video unaonyesha namba ya mara ngapi imeangaliwa, na Maulidi alikuwa akifungua duka anafungua kwanza ukurasa. "Imepanda tena, da Mwajabu! Watu wenyewe ni wa familia tu, na namba haisimami. Wanaipenda." Nilimpa hongera yake. Alitembea kifua mbele siku hizo.

Zuhura akarudi. Safari hii hakuwa na mkate. Alitoa salamu zake zote na Maulidi akazikata zote, kisha akauliza kwa upole, maana Zuhura ni mtu wa upole.

"Kaka, kuna mahali shangazi anainua pazia la chumba cha baba. Tunaona pazia linainuka, kamera inataka kuingia, halafu ghafla tunaona sinia la pilau. Pale katikati pamekwenda wapi?"

Mimi nilidhani atasema nitakutafutia. Akasema, "Ukungu. Pale kanda ilikuwa imekufa kabisa, dada."

Alilisema haraka, kama anavyosema kila kitu.

"Basi ni kudra," Zuhura akasema. "Nilikuwa nategemea tu. Ahsante kwa kuhangaika, kaka. Mungu akulipe."

Nilisikia kandambili zake zinaondoka. Kiti cha Maulidi, ambacho hulia kutwa kwa vile hatulii, hakikulia. Baadaye alikuja akasimama mlangoni kwangu, akauliza jambo ambalo sijawahi kumsikia akiuliza, habari za watu. "Da Mwajabu, yule mzee alikuwa na nini na Shuaibu?"

Nikamweleza yanayojulikana na mtaa, shamba la Vigwaza, kuondoka bila kuaga, simu na kutawadha. Nilivyokuwa naeleza alikaa kwenye benchi la wateja, kisha akashika kichwa.

"Nimeikata," akasema. "Si ukungu. Kilikuwa kipande kirefu, mzee amekaa kitandani anazungumza. Nikajua salamu."

"Alisema nini?"

"Nilikuwa nimezima sauti."

Nikatafakari kidogo. "Na siku ya harusi? Si wewe uliyebaki naye chumbani?"

"Ni mimi." Alikuwa anaangalia sakafu. "Betri ilikuwa inakwisha. Nilikuwa naangalia betri, na nje nasikia pilau linapakuliwa. Mzee anaongea, mimi naomba amalize."

Nilikuwa na pini mdomoni, ndiyo maana sikumtukana. Mzee wa watu amewatoa nje ndugu zake wote, amechagua sikio moja tu duniani la kuweka neno lake, na sikio lenyewe likawa la Maulidi Pazi.

Kesho yake alifunga duka, akaichomoa diski, akaenda nayo Kariakoo kwa mafundi wanaofufua vilivyofutwa. Alirudi mapema. Fundi alimwambia kilichofutwa huweza kupatikana kama hakijawekewa kitu juu. Harusi ya Kerege ilikuwa imekaa pale pale juu ya maneno ya marehemu. Aliniambia hayo akiwa amesimama na diski mkononi, anaigeuza geuza, hajui aiweke wapi.

"Mwambie Zuhura," nikasema.

"Naona haya, da Mwajabu. Amenishukuru. Amesema Mungu anilipe."

Ungemwona siku zile ungemhurumia, na mimi nilikuwa bado nimemkasirikia. Msikitini alikwenda kwa uchochoro wa nyuma ili asikutane na mume wa Zuhura, akakaa safu ya mwisho, akatoka kabla ya dua. Watoto walipomwita Mkasi aliinamisha kichwa na kuingia ndani. Ile namba ya asubuhi hakuitangaza tena, ingawa ukurasa aliufungua, maana nilisikia kompyuta ikiwaka na kisha yeye akivuta pumzi. Mara moja Zuhura alipita akiwa na ndoo ya samaki kutoka sokoni, na mtu mzima yule akajificha nyuma ya mlango wake mwenyewe. Mimi sikumwambia mtu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na huyu alikuwa bado hai.

Mfungo ukaingia ukatoka. Siku chache baada ya Idi, mtu nisiyemjua alikuja kwangu na kanzu mpya, anataka ipunguzwe chini. Ndevu zilikuwa zimechanganyika mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bagamoyo ya zamani, kama kilichowekwa ndani ya chupa. Alinipa shikamoo na salamu ndefu. Nilipomwangalia vizuri nikaona pua ya Mzee Mwinyijuma.

"Nimekuja kumsomea baba hitma," akasema. "Nitaichukua kanzu baadaye. Kwanza naingia hapa kwa jirani yako." Alikuwa na boksi la halua ya Muscat kwapani.

Nilikaa kwenye cherehani, nikaanza kuifumua kanzu. Sitasema nilitega sikio. Ubao ndivyo ulivyo.

"Assalaam alaikum."

"Waalaikum salaam."

"Mimi ni Shuaibu wa Mzee Mwinyijuma. Hujambo, ndugu yangu? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Kazi inakwendaje?"

Na Maulidi akazijibu zote, moja moja, mpaka ya mwisho. Sijawahi kumsikia hivyo.

"Nimekuletea halua kidogo," Shuaibu akasema. "Dada ameniambia ulivyohangaika na kanda zetu. Mimi ile video naiangalia kila nikitoka kazini. Harusi siiangalii, nakwambia kweli. Naangalia pazia. Mkono wa shangazi unaliinua, naona kidogo mguu wa kitanda cha baba, halafu naona pilau. Narudisha nyuma, naangalia tena."

Nilisimamisha mkono. Ndiyo ile namba. Asubuhi zote zile Maulidi alizokuwa akijisifu, alikuwa mtu mmoja amesimama mlangoni kwa baba yake.

"Lakini nimeshakubali," Shuaibu akaendelea, na sauti yake haikuwa ya kulalamika. "Ukungu ungeweza kula popote. Ungekula ngoma, ungekula pilau. Umekula pale pale baba alipofungua mdomo. Mwenyezi Mungu ana njia zake za kumjibu mja. Nilitaka kujua kama baba aliniridhia, na nimejibiwa. Hakuniridhia. Nimekuja kumwomba msamaha kaburini, zaidi ya hapo sina la kufanya."

Kiti cha Maulidi kikalia. Alikuwa amesimama.

"Usiseme hivyo," akasema. "Astaghfirullah, kaka Shuaibu, usimsingizie Mungu. Hapakuwa na ukungu. Ni mimi. Maneno ya baba yako yalikuwa mazima, picha nzima, sauti nzima. Niliyakata mimi ili faili liwe jepesi, nikayafuta ili nipate nafasi. Dada yako nilimdanganya."

Nilingoja kelele. Hazikuja. Ilipokuja sauti ya Shuaibu ilikuwa imebadilika, na ilichoniumiza ni kwamba ilikuwa na furaha ndani yake.

"Kwa hiyo yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Na wewe ulimwona. Basi ulimsikia, ndugu yangu. Alisema nini?"

"Sikumsikia. Wakati nakata nilikuwa nimezima sauti."

"Na siku yenyewe? Shangazi alisema alibaki na kijana wa kamera."

"Kijana wa kamera ni mimi. Nilikuwepo, kaka. Nilikuwepo na sikusikiliza."

"Hukumbuki hata neno moja? Hata jina?"

Maulidi alisema polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono. "Nakumbuka vidole. Nilipokuwa nakata niliona mkono wake. Alikuwa anahesabu. Anakunja kidole kimoja, anazungumza, anakunja kingine, anazungumza. Nadhani alikuwa anawataja watoto wake."

"Sisi tuko wanne," Shuaibu akasema. "Alikunja vingapi?"

Mwenyezi Mungu anisamehe, mimi mtu mzima nimekaa na kanzu ya watu mapajani, nilisema moyoni: sema vinne. Maulidi, umesema uongo kwa ajili yako, sema na mmoja kwa ajili yake. Vinne. Nani ataumia?

"Sijui, kaka," Maulidi akasema. "Aliposhika kidole cha tatu nilikuwa nimeshakata."

Nje bajaji ilipita na muziki wake, ikaenda zake. Kisha nikamsikia Maulidi akiomba radhi, mara ya kwanza na ya pili. Shuaibu hakujibu ndiyo wala hapana. Alipofika mlangoni alisema, "Halua usiirudishe. Ni ya watoto." Akaja kwangu, akaniambia kanzu ataipitia jioni, akaniaga kwa adabu zote, na macho yake hayakuwa yananiona.

Maulidi mwenyewe alikwenda kwa Zuhura siku ile ile, kwa njia ya mbele, mchana kweupe. Waliyosemezana sikuyasikia, kule hakuna ubao. Ninachojua ni kwamba Zuhura sasa akipita ananisalimia mimi, kisha anasema "salaam alaikum" kuelekea mlango wa pili bila kusimama. Kwa mtu mpole kama yeye, hiyo ni hukumu kubwa.

Shuaibu alisoma hitma yake. Kabla ya kurudi Muscat aliaga nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, hata watu wasiokuwa na udugu naye, mpaka akatufikia sisi wa uchochoroni. Niliomba dua aende salama. Akaingia na upande wa pili, akampa Maulidi mkono, akasema, "Nimekuja kukuaga." Basi. Maulidi alipotoka kuniomba maji ya kunywa alikuwa analia waziwazi.

Siku hizi anafanya kazi taratibu, wateja wanalalamika. Salamu hazikati. Nasikia wazee wa watu huko ndani kutwa wanawasalimia ndugu zao, wa Kerege, wa Tanga, waliokufa na walio hai, na Maulidi amekaa kimya mpaka wanamaliza. Mwanzoni nilimtania kwamba Mkasi umeshika kutu. Hakucheka, nikaacha.

Nilidhani namba ile ya video itasimama, kwa kuwa Shuaibu sasa anajua nyuma ya pazia hakuna kitu, kimefutwa. Jana asubuhi niliingia kuazima pasi nikamkuta Maulidi mbele ya ukurasa ule, mikono mapajani. Namba ilikuwa imepanda tena. Nikamuuliza mtu yule anaangalia nini bado.

"Anabisha hodi," Maulidi akasema, na akaifunga kompyuta bila kuniangalia.